Ng'ombe wa Mega Sitini na Nne

Jumatatu, 15 Julai 2002

Nimewasha kompyuta. Nikaenda kuoga, nikanyoa ndevu, nikavaa, nikarudi. Bado haijamaliza kuwaka. Ernestine, mke wangu, akapita na beseni la nguo akaniuliza: "We Papa Carmen, unangojea ordinateur ao unangojea amani?" Sikucheka. Majirani wa upande wa pili wa ukuta walicheka.

Kamati ya kwaya ilikutana jana baada ya misa. Kitabu cha nyimbo za sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria kilikuwa kazi yangu. Niliiomba mwenyewe, maana Ernestine anaimba sauti ya kwanza katika kwaya hiyo, na nilitaka afungue kitabu aone jina langu. Mwezi mzima nimeandika nyimbo tatu na nusu. Ule wa nne uliganda katikati ya "Aleluya" na hadi leo haujasogea. Basi kamati ikanishukuru kwa maneno matamu mengi, na kazi ikapewa Maxime.

Maxime. Kiongozi wa kwaya, agronome, yaani bwana shamba wa digrii, mwenye gari, mwenye nyumba kule kwa wenye pesa, Mutanga Sud, mwenye meno yote. Hana mke. Mwanamume wa miaka arobaini asiye na mke anatafuta nini katika kwaya iliyojaa wanawake? Ana kompyuta mpya pia. Mega mia moja ishirini na nane za memori. Ernestine alizitaja hizo mega mia moja ishirini na nane kama mtu anayetaja cheo cha waziri. Yangu ina mega kumi na sita. Niliachiwa na mzungu mmoja wa shirika aliyepanda ndege kwa haraka mwaka wa tisini na sita, na nadhani alijua anachokiacha.

Na bado baya lenyewe sijaliandika. Maxime anaandika kwa vidole viwili tu. Kwa hiyo atakayeandika ni Ernestine, aliyesomea ukarani. Kila jioni baada ya kazi. Nyumbani kwa Maxime. Anasema atakuwa anarudi kabla ya couvre-feu, saa ya kukatazwa kutembea usiku, kana kwamba ninachokiogopa ni askari wa barabarani.

Niseme wazi: simchukii Maxime. Ninachotaka ni mke wangu akae nyumbani jioni, kando yangu, mbele ya kompyuta yangu. Hilo tu. Na ili nilipate, lazima kompyuta yangu ipate memori.

Jumatano, 17 Julai

Mwenzangu mmoja wa ofisini amenipa siri bila malipo. Kompyuta nzito ni nyumba iliyojaa vitu, alisema. Toa vitu, itatembea. Nimetoa. Kila jina nisilolifahamu nimelifuta. Yalikuwa mengi, maana wale wazungu walikuwa na majina ya ajabu.

Matokeo: inawaka upesi kidogo. Lakini haitoi tena sauti, haiijui tena printa, na kila baada ya muda inaniuliza kitu kwa Kiingereza. Naijibu ndiyo. Sijui nimekubali nini.

Ernestine amerudi ananukia sambusa. Nikamwuliza, kwa upole, amekula wapi. Akasema aliyepika ni Mama Geneviève, mama yake Maxime, ambaye anaishi hapo hapo. Kumbe kuna mama! Nilifurahi mpaka nilipofika kitandani. Hapo ndipo nilipofikiri: mama akiwa jikoni anakaanga sambusa, sebuleni kuna nani?

Ijumaa, 19 Julai

Nimeibeba kompyuta hadi Buyenzi kwa Shakuru, fundi wa redio, televisheni na sasa hivi vitu. Alipoifungua alitoa vumbi la kutosha kupanda mihogo, na mende wawili wakubwa, mume na mke. Nao wanakaa pamoja jioni. Niliwatazama kwa wivu.

Shakuru akanionyesha memori yenyewe. Wanaiita bareti: kibao chembamba cha kijani, kirefu kuliko kidole, kinachoingia kwenye mfereji wake na kukaa wima. Akaeleza kuwa kila ukoo wa bareti una pengo mahali pake. Yangu ni ya ukoo wa zamani ambao haupatikani tena mjini, maana njia ni mbaya na vitu haviingii. Akaniambia nisubiri. Akasema itapatikana, inshallah, lakini nisinunue yoyote barabarani.

Nikanunua barabarani. Si kwa ukaidi. Niliiona tu pale sokoni, kijani, nzuri, na muuzaji aliniapia kwa watoto wake. Nyumbani nikakuta pengo limekaa pembeni kidogo. Jambo dogo. Ufunguo usioingia hurekebishwa kwa tupa, na jirani yangu anayetengeneza baiskeli anayo tupa. Nikaikwangua vizuri, nikaisukuma, ikaingia kwa mlio.

Kompyuta haikuwaka. Ilianza kulia. Lia, nyamaza, lia, nyamaza, kwa sauti kali kama mbuzi aliyefungwa juani. Mama wa upande wa pili akauliza kupitia ukutani kama ni mashambulizi, na kama ni wakati wa kuingia chini ya kitanda. Nikamwambia hapana, ni mimi. Akasema wataingia tu, kwa usalama.

Jumamosi, 20 Julai

Kwa Shakuru tena. Alipoiona ile bareti iliyokwanguliwa alikaa chini. Halafu akamwita mkewe Waridi atoke jikoni aje aone. "We bwana Léonce," akaniambia huku akifuta machozi, "hii si mulango wa choo, eti ukisukuma na bega inafunguka." Waridi alinihurumia, akanipa chai ya tangawizi. Wamerudisha mega zangu kumi na sita. Kompyuta imenyamaza na uzito wake wa zamani umerudi.

Ernestine alikuwa Mutanga Sud hadi jioni. Siku ya Jumamosi! Eti nyimbo ni nyingi.

Jumatatu, 22 Julai

Nisipoweza kuipandisha yangu, nitaishusha yake. Si vizuri, najua. Lakini hata Mungu alimshusha Nebukadneza, akamlisha majani.

Ofisini kuna kompyuta moja ambayo hakuna anayeigusa kwa sababu ina virusi. Nimeigusa. Nimenakili wimbo mmoja kwenye disketi kutoka humo, nikampa Ernestine ampelekee Maxime kama mchango wangu kwa kwaya. Ernestine alinitazama kwa macho laini sana, akasema hakujua kama nimesamehe. Nilihisi vibaya kwa muda mfupi. Halafu akajipaka mafuta mazuri akaenda, nikaacha kuhisi vibaya.

Jumatano, 24 Julai

Disketi imerudi. Kompyuta ya Maxime iligundua virusi papo hapo, ikaviua, ikaendelea na kazi. Maxime ameisafisha disketi yangu yote na ameandika juu yake kwa kalamu ya bluu: Merci, Léonce. Amemwomba Ernestine anitahadharishe kwamba pengine hata kompyuta yangu imeambukizwa, masikini, bila mimi kujua.

Nimeichunguza. Virusi vimo, maana niliijaribu disketi hapa kwanza. Lakini havijafanya chochote. Shakuru anasema havina nafasi ya kutosha. Hata ugonjwa umeshindwa kukimbia ndani ya kompyuta yangu.

Na jambo lingine. Ernestine aliponieleza yote haya, alisema Maxime "ananiambiaka" kila siku hili na lile. Nikamwuliza anamwambiaje, anamwita nani. Akasema anamwita Ernestine. Kwaya nzima inamwita Mama Carmen. Mtaa mzima unamwita Mama Carmen. Mapadri wanamwita Mama Carmen. Yeye tu, Ernestine.

Jumamosi, 27 Julai

Nimekwenda Mutanga Sud kuona kwa macho yangu. Kuna ua wa maua mekundu mbele ya nyumba ya Maxime, na dirisha la sebule liko wazi kwa sababu ya joto. Nilisimama nyuma ya maua. Ernestine alikuwa anaandika, mgongo wake wima, vidole vinakwenda kama mvua juu ya bati. Maxime alikuwa amesimama nyuma yake na karatasi mkononi, akimsomea.

Nilitega masikio. Alikuwa anasoma kwa Kifaransa kuhusu mbolea. Halafu mashina yanayooza maji yakizidi. Halafu hektari. Mimi ni Mkatoliki tangu kuzaliwa, na katika nyimbo zote za Mama Maria ninazozijua hakuna wenye mbolea. Basi ni lugha yao ya siri. Wanaitumia ili Mama Geneviève asielewe. Mbolea ni nini? Na nani anayeoza? Nadhani ni mimi.

Wakacheka, wote wawili. Nikasogea niwaone vizuri, nikakanyaga sufuria ya kunyweshea kuku.

Mama Geneviève alitokea uani. Mwanamke mkubwa, mpole, anayekushika mkono na haachi. Akaniuliza nimefuata nini. Nikasema nilikuwa napita tu, nakwenda kumwona mgonjwa. Mgonjwa gani? Nikataja jina la kwanza lililokuja: Dévote, ambaye tulikuwa tunafanya naye kazi, anakaa mtaa wa tatu kutoka hapo. Mama Geneviève akashika kichwa. Dévote mgonjwa na yeye hajui! Akaingia ndani akatoka na chupa ya maji ya matunda na kitambaa kipya kichwani, na tukaenda pamoja, mkono wangu ndani ya mkono wake.

Dévote alikuwa uani anafua blanketi, anaimba. Nilimkonyeza. Hakuelewa. Nikakohoa ili aone mfano. Mama Geneviève akanitazama, akamtazama Dévote, akasema: "Mwana wangu, mi naona mugonjwa ni we." Wakanikalisha. Nikanywa maji yote ya matunda. Dévote alinipangusa jasho kwa pembe ya blanketi lenye maji. Ernestine amepata habari kabla sijafika nyumbani, na usiku huu amenipikia uji.

Jumanne, 30 Julai

Leo mbingu zimefunguka.

Mjomba Jovithe amekuja kutoka Buterere kwa baiskeli. Ni kaka wa marehemu mama yake Ernestine, analima mpunga kule kwenye maji, mtu wa maneno machache na kofia moja. Ameleta mfuko wa mchele kama kawaida. Halafu akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba na uzi. Nikafungua. Bareti! Ya zamani, ya ukoo wangu, pengo mahali pake. Mega sitini na nne.

Nilimwuliza ameitoa wapi. Akatazama baiskeli yake. Akasema ng'ombe akiingia zizini unampa maji kwanza, maswali baadaye. Nikaona ni hekima, sikuuliza tena. Kwenye miradi ya mpunga kuna ofisi nyingi, na ofisi zina kompyuta zinazokufa. Mtu mzima mwenye macho huokota.

Mbio hadi kwa Shakuru. Imeingia bila kelele, kama mtu anayerudi kwao. Tumewasha. Sikuwa na nafasi hata ya kujikuna, ilikuwa imekwisha kuwaka. Shakuru alisema mashallah. Nimeifungua na kuifunga mara nyingi tu kwa raha. Nyumbani nimeandika ule wimbo wa nne wote, Aleluya hadi Amina, wakati maji ya chai yanachemka.

Ernestine aliporudi nikamwonyesha. Aliweka mkono mdomoni, macho yakamjaa machozi. Nikamwambia: sasa utaandikia hapa. Akasema ndiyo, Papa Carmen, zimebaki siku chache tu kule, lazima amalize alichoanza. Siku chache. Alichoanza.

Alhamisi, 1 Agosti

Nina mpango, na safari hii ni mpango mzuri, maana msingi wake ni wa wazee wetu.

Mjomba Jovithe amenipa kitu kikubwa. Mtu akipewa kitu kikubwa hajibu kwa asante ya mdomo peke yake. Kwetu mtu akipewa ng'ombe hufanya gukura ubwatsi: huandaa pombe, huwaita majirani na jamaa, husimama mbele yao akamsifu ng'ombe, akamsifu aliyempa. Sasa mjini hapa nani bado anagawa ng'ombe? Ng'ombe wangu ni huyu. Nitafanya gukura ubwatsi ya bareti. Jumapili, uani kwangu. Nitawaita kwaya yote. Na katika kwaya yote yumo Maxime, ambaye atakaa kwenye benchi langu, anywe pombe yangu, aone kompyuta yangu inakimbia, na asikie wote wakipiga makofi.

Nilidhani Ernestine atafurahi. Amebadilika rangi. Akasema si lazima, mutu mukubwa kama mjomba anaonaka haya, tumupe tu mashati mbili, zinatosha. Nikasema mjomba anastahili. Akasema basi tuwaite jamaa tu, bila kwaya. Hapo nikaelewa kila kitu. Anaogopa Maxime ataaibika. Nimewaita na wapiga ngoma.

Jumamosi, 3 Agosti

Mjomba Jovithe ametuma habari kwamba ana malaria, hawezi kuja. Nikampelekea teksi, na dawa ndani ya teksi. Dereva amerudi anasema amemkuta shambani, maji magotini, mzima kabisa, na amekubali kuja kwa shingo upande. Unyenyekevu huu! Watu wa zamani hawapendi sifa.

Pombe ya ndizi imefika, mtungi mkubwa. Fanta za akina Shakuru, wasiokunywa pombe, zimo kwenye karai. Nimeandika hotuba yangu kwenye kompyuta yenyewe, na nimeihifadhi kichwani neno kwa neno.

Jumapili, 4 Agosti

Wageni wameondoka, naandika.

Watu walijaa hadi barabarani. Kompyuta niliiweka mezani uani, juu ya kitambaa cha meza cha harusi yetu, waya umepita dirishani, na umeme kwa neema haukukatika. Maxime alikaa mstari wa mbele na mama yake. Alivaa shati jeupe. Alikuwa anatabasamu.

Nikasimama na fimbo. Nikasema ng'ombe huyu hana pembe lakini anatisha. Hali majani, anakula umeme. Ukimkamua asubuhi, jioni bado anatoa. Watu wakapiga makofi. Nikasema aliyenipa ni mtu aliyeona njaa yangu wakati wengine wanaona kichekesho. Makofi. Nikasema, na hapa nilimtazama Maxime usoni, wako wenye ng'ombe mia moja ishirini na nane ambao wanafunga zizi, kisha wanaita wake za wenzao waje kukamua. Watu walilipuka kwa kicheko. Maxime naye alicheka, na hilo ndilo lililonikera.

Nikaita: mjomba Jovithe, simama upokee mtungi.

Akasimama. Akavua kofia, kitu ambacho sijawahi kuona. Akaizungusha mikononi. Akasema: "Mukwe wangu, mi niko mutu muzima, na hapa iko watu. Pombe ya ng'ombe ya mwingine siwezi kuikunywa, itanikaa mu koo. Mi nilikuwa muchungaji tu. Ile ng'ombe ilitoka kwa Maxime."

Akakaa. Nilisikia kompyuta yangu ikipumua.

Sasa, kila mtu pale uani alijua kinachofuata. Aliyepewa ng'ombe akanyamaza mbele ya aliyempa, huyo hastahili kupewa hata mguu wa kuku. Wazee walikuwa wananitazama. Shakuru alikuwa ananitazama. Carmen, binti yangu, alikuwa ananitazama. Nikasimama upya kumsifu Maxime. Maneno mengine sikuwa nayo, mazuri yote nilikuwa nimeyamaliza. Nikaanza hotuba ile ile: hana pembe lakini anatisha, hali majani, anakula umeme. Ulimi uliteleza njia uliyoizoea, na kabla sijajizuia nilikuwa nimefika kwenye wale wanaofunga zizi na kuita wake za wenzao. Mbele ya Maxime, nikimsifu Maxime. Watu walianguka kutoka kwenye mabenchi. Wamesema ndiyo hotuba tamu kuliko zote tangu vita vianze.

Ikabidi tunywe pamoja, mirija miwili katika mtungi mmoja, vichwa vinagusana. Kichwa chake kinanukia sabuni ya bei. Mama Geneviève alilia kwa furaha, akasema sasa sisi ni ndugu.

Halafu Maxime akainuka kujibu. Akashukuru. Akasema hata yeye sifa hizo si zake zote, kwa sababu ng'ombe huyo alishalipwa na... Akamtazama Ernestine. Ernestine akatikisa kichwa, kidogo sana, hivi. Maxime akameza maneno, akakaa. Ua mzima ulikuwa umejaa watu, na niliyeona ni mimi peke yangu.

Alishalipwa. Alishalipwa na nini?

Jumatatu, 5 Agosti

Sikwenda ofisini. Ernestine alipotoka kwenda sokoni nilichukua bisibisi nikafungua kompyuta. Kumrudishia mtu ng'ombe wake ni kumtangazia uadui, watoto wanajua hilo. Basi nilitaka kutangaza. Nilikuwa tayari nimeishika bareti niliposikia mlango. Alikuwa amesahau kikapu.

Aliiona bisibisi. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya kitanda, kikapu mapajani, akaongea akitazama ukuta. "Ile siku ya comité walipokuondoa kazi, ulikunja makaratasi yako ukasema kichwa kinakuuma. Mi nilikuona. Haikuwa kichwa."

Akaniambia yote. Maxime alikuwa na ripoti kubwa ya kazi yake juu ya mpunga wa Buterere, magonjwa yake, maji yake, mbolea yake, na hakuwa na mtu wa kuiandika. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa stoo na bareti ndani. Ernestine akafanya naye mapatano, akamwambia: nitaandika nyimbo, halafu nitaandika ripoti yote, na we utanipa ile bareti, iwe ya mume wangu. Jioni zote zile, na Jumamosi, alikuwa ananitafutia memori, ukurasa kwa ukurasa. Kutoka mkono wa Maxime, alisema, nisingeipokea hata ningeoza. Ndiyo maana aliipitisha kwa mjomba. Mjomba alikubali kuibeba. Kusifiwa ndiko hakukubali.

Halafu akasema kitu kimoja zaidi, na safari hii alinitazama mimi. "Ungeniuliza, ningekuambia. Haukuniuliza hata siku moja. Unazungukaka tu."

Nililia. Yeye pia alilia kidogo, halafu akacheka kwa sababu bisibisi ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikafunga kompyuta, skrubu zote nne. Nikamwambia sitamwonea mtu wivu tena maisha yangu yote. Nikamwambia mimi ni mjinga. Akasema anajua, akachukua kikapu chake akaenda sokoni, na nikaenda naye, na nikakibeba mimi mbele ya mtaa wetu wote wa Nyakabiga.

Jumatano, 7 Agosti

Ripoti imekwisha. Nyimbo zimebaki kusahihishwa tu. Jioni hii Ernestine amekaa hapa, kando yangu, mbele ya kompyuta yangu. Chai ipo. Inakimbia bila kukwama. Ndicho nilichokiomba, neno kwa neno, na nimekipata.

Nimekaa namtazama anavyoandika.

Wiki tatu. Kwa wiki tatu mwanamke huyu amekula mezani kwangu, amelala kitandani kwangu, amenipikia uji, na usoni hakuonyesha kitu. Alimpanga mjomba. Alimpanga Maxime. Pengine Shakuru naye alijua. Siri ya watu wanne, hadi Buterere na kurudi, na mimi ndani ya nyumba sikunusa hata moshi. Sisemi kitu. Nasema tu ni kipaji kikubwa, na mwenye kipaji hakitumii mara moja akakiacha.

Na huyo Maxime. Mega sitini na nne kwa ripoti ya mpunga? Alikubali upesi hivyo, bila kuvutana? Hakuna mwanamume anayetoa ng'ombe mzima kwa sababu ya mbolea.

Anaandika na anatabasamu. Nikamwuliza anatabasamu nini. Niliuliza, kama alivyotaka. Akasema hakuna kitu, amefurahi tu. Mimi nimeishi duniani miaka arobaini na miwili na sijamwona mtu aliyefurahi tu.

Kwa hiyo nimechukua hatua. Mchana nilipita parokiani nikajiandikisha katika kwaya, sauti ya nne. Waliniuliza kama najua kuimba. Nikasema hapana, lakini nina uvumilivu. Sauti ya nne husimama nyuma kabisa, na aliye nyuma anaona migongo ya wote na nyuso za wanaogeuka. Mazoezi ni kesho saa kumi.

Nimemweleza Ernestine sasa hivi. Ameacha kuandika, amenikumbatia kwa nguvu, amesema hakuna habari iliyomfurahisha kama hii mwaka huu wote.

Kwa nini imfurahishe hivyo? Nitachunguza.